Mbinya na Misandali ya Mlimani

Kola,
Machakos.
14 Mei 2006

Mpendwa Shangazi Peris,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Natumaini miguu imepata nafuu na sasa unaweza kutembea hadi kanisani. Je, huko Shimba Hills ndovu bado wanakuingilia mihogo? Mimi ni mzima wa mwili tu. Baba yuko, ingawa amekonda sana.

Najua ndugu yetu Muli alikupigia simu akakuambia kwamba Mbinya, mke wa ndugu yangu Kimeu, ametutoka, kisha simu ikakatika. Hukuweza kuja kumzika na hakuna anayekulaumu. Lakini wewe ndiwe uliyemfundisha kusuka kiondo, na alikupenda. Ni haki ujue yaliyompata.

Unaikumbuka ile misandali ya mlimani, nyuma ya boma. Marehemu mama alikuwa akikata kipande kidogo cha mzizi cha kutia rangi kwenye chai, kisha anafukia tena. Mwaka jana mvua ilipotunyima, wakaja wanunuzi. Hawakutaka kipande. Walitaka mti mzima na mizizi yake, tena ule wa kike unaozaa, kwani walisema ndio wenye mafuta mengi.

Baba alikataa. Alimwambia Kimeu, "Ukimaliza ya kike, hii ya kiume itazaa nini? Na huu mlima utashikwa na nini?"

Kimeu naye si mtu mbaya, Shangazi. Baada ya kugawana, shamba lake ni ukanda mwembamba tu, watoto wanaongezeka, na mahindi yalikauka kabla hayajabeba. Alijibu, "Baba, watoto hawali miti." Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mbinya ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati yao. Alimsihi mumewe aache japo michache yenye matunda, ndege wapate kusambaza mbegu. Kimeu alikubali kwa mdomo, lakini wanunuzi waliporudi alipanda mlimani kuchimba, na Mbinya akamwacha mtoto wao mchanga, Kalunde, nyumbani akamfuata kumsaidia. Ilikuwa imenyesha, mvua ile ya Aprili tuliyoiomba sana. Kimeu alikuwa akivuta shina, Mbinya amechuchumaa chini yake akikata mzizi. Mzizi ulipoachia, jiwe kubwa ulilokuwa umelishikilia likashuka pamoja na udongo.

Nilimsikia Kimeu akipiga kelele, nikakimbia. Baba alifika kabla yangu, sijui kwa nguvu gani. Nilimkuta akifukua kwa kucha, akisema, "Mbinya, mwanangu, ngoja, ngoja kidogo."

Tulipomtoa alikuwa bado anapumua. Alimtazama Kimeu akasema, "Kalunde hajanyonya." Hakusema tena. Tulimbeba hadi barabarani, lakini hakufika hospitali.

Wanunuzi hawakuonekana mazishini. Mlima sasa uko uchi. Misandali iliyobaki ni ya kiume, na kila mvua inashusha udongo hadi kwenye matuta waliyochimba mama na wenzake wa mwethya, wakisaidiana shamba kwa shamba. Nimepanda huko juu kutafuta hata chipukizi moja. Sijaona.

Kalunde anakunywa maziwa ya mbuzi na analia akiyanywa. Kimeu anashinda ameketi pale kaburini. Jumapili iliyopita Baba alimfuata huko, akaketi chini kando yake, akamwambia, "Mwanangu, nimekuja." Kimeu aliweka kichwa mapajani pa Baba kama mtoto. Wote wawili walilia, nami nikarudi jikoni kwa sababu sikuweza kuwatazama.

Msalimie Mzee Bartholomew na watoto wote. Muli na mkewe wanakusalimu, na Baba anasema anakukumbuka, dada yake.

Ombi langu ni moja. Mwandikie Kimeu. Usimwambie yalikuwa mapenzi ya Mungu. Wengi wamemwambia hivyo na yeye huinuka akaondoka. Mwandikie tu jinsi ulivyomjua Mbinya.

Mungu akulinde huko uliko, na atushike mkono sisi huku.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye daima,
Kavutha