Wa Kwanza Kulipwa

S.L.P. 214,
Homa Bay.
22 Novemba 1998.

Mpendwa Mjomba Wangwe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku ziwani. Kifua chako kinaendeleaje? Mama aliniambia kwamba mvua za huko Tabora zilikuachia kikohozi kibaya, na tangu siku hiyo sijatulia. Mama Wesley hajambo? Sisi tu wazima. Mwanangu Mourine anamaliza darasa la nne na sasa ananifika begani. Mama yuko nyumbani Ogwedhi, bado anakwenda mnadani mwenyewe, na ukimwambia apumzike anakununia siku nzima.

Mjomba, najua umenikasirikia. Barua yako ya mwezi wa tano ilinitaka nifunge virago nirudi nyumbani, nami sikukujibu. Haikuwa dharau. Kila niliposhika kalamu sikuwa na la kukuambia ila mashaka. Leo ninalo.

Unajua kwamba kampuni yetu, Mbuta Packers, ilikuwa ikikata minofu ya samaki na kuipeleka Ulaya. Mwanzoni mwa mwaka Ulaya ikafunga mlango kwa ajili ya kipindupindu. Tuliendelea kuja kazini tukiosha meza zisizo na samaki, mkurugenzi akituambia mshahara uko njiani. Mwezi wa nne benki iliyoikopesha kampuni ilichoka kungoja, ikamleta mtu anayeitwa risiva. Kazi yake ni kushika mali ya kampuni iliyoshindwa, kuiuza au kuikodisha, na kuwalipa wanaodai. Huyu wetu ni Bwana Ratemo, mhasibu wa Kisumu, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza tu alibadilisha kufuli zote.

Zablon, aliyekuwa msimamizi wetu wa zamu, alitukusanya nje ya lango. "Benki itabeba kila kitu," akasema. "Twendeni tung'oe mota za friji, kila mtu apate chake." Wengi walimkubalia. Hata mimi sikumwona mwendawazimu. Ana watoto sita, na ilikuwa miezi mitatu hajaona mshahara.

Afisa wa leba, yule wa serikali anayesikiliza malalamiko ya wafanyakazi, ndiye aliyetuzuia. Alituambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia: kwamba sheria ya makampuni inawapanga wadai kwenye foleni. Benki huchukua kwanza kile ilichowekewa rehani kabisa, kama ardhi na jengo. Lakini mali ile nyingine, kama bidhaa za ghalani, inapogawiwa, mishahara ya miezi ya mwisho, kwa kiwango kilichowekwa, hutangulia hata benki. "Mkivunja lango," akasema, "mtakuwa mnaiba pesa zenu wenyewe."

Tukatulia. Kisha orodha ya wafanyakazi ikabandikwa langoni, nami nikaisoma mpaka mwisho. Mkurugenzi ndiye aliyempa risiva majina. Humo nilikuta mashemeji zake na dereva wa mke wake, watu ambao hawajawahi kushika kisu cha samaki. Wenzangu hamsini na wawili hawakuwamo. Phanice hakuwamo, Mjomba. Huyo amesimama kwenye meza ya minofu miaka tisa, mpaka vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena kwa baridi ya barafu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika mahudhurio. Siku kufuli zilipobadilishwa, kitabu kilikuwa kwangu nyumbani, maana nilikuwa nakinakili upya baada ya kurasa zake kulowa maji. Mkurugenzi alilijua hilo. Orodha ilipotoka alinijia saa nne asubuhi, Mourine akiwa shuleni.

"Kezia, hicho kitabu ni mali ya kampuni," akasema. "Nipe, nami nitakulipa malimbikizo yako yote leo. Tena kuna kazi ya ofisi Nairobi."

"Na wenzangu?"

"Wale ni vibarua. Vibarua wana madai gani?"

Nilimwambia anipe siku tatu nifikirie. Naandika maneno hayo kwa aibu. Siku hizo nilimpikia Mourine uji mtupu huku nikiiwaza Nairobi, na sikumwambia mtu yeyote. Siku ya tatu Phanice alikuja kuomba chumvi. Alikaa kidogo, akanisimulia kwamba anajifunza kushika sindano kwa mkono wa kushoto ili apate vya kushona. Hakuomba kingine zaidi ya chumvi. Alipoondoka nilikifunga kitabu kwenye leso, nikaenda kwa Zablon, na sote wawili tukaenda kwa Bwana Ratemo.

"Kwa nini kitabu hiki hakikuwa ofisini?" aliniuliza. Nikamweleza yote, pamoja na zile siku tatu. Alikifungua katikati.

"Tarehe kumi na nne Oktoba mwaka jana hakuna alama hata moja. Kwa nini?"

"Umeme ulipotea alfajiri na jenereta ikakataa kuwaka," nikajibu. "Tulirudishwa nyumbani."

Akavuta faili, akatafuta hati ya fundi wa jenereta. Tarehe ilikuwa ile ile. Akavua miwani.

"Keti, mama," akasema.

Haikwisha siku hiyo. Alilinganisha kila jina na karatasi za NSSF, akawaita watu mmoja mmoja, na mvua ikapita na jua likaja. Mashemeji walifutwa, wenzangu wakaingizwa. Mkurugenzi ameitwa na polisi ajieleze, na hilo bado liko huko.

Mwezi wa nane tuliitwa katika ukumbi wa kanisa pamoja na wadai wengine. Bwana Ratemo aliposoma jinsi foleni ilivyo, mfanyabiashara mmoja aliruka juu. "Nimeipa kampuni hii mafuta ya gari mwaka mzima! Leo nikae nyuma ya wakata samaki?" Ukumbi ukawa kama soko. Hapo akasimama Bi Shamima, mwenye duka kubwa karibu na stendi, aliyekuwa akitupatia chumvi na maboksi. Yeye pia yuko nyuma yetu, na huenda asipate hata robo.

"Mimi nilikopesha bidhaa, na nilikuwa na duka la kurudia," alisema. "Hawa walikopesha mikono yao, na hawana mingine. Wapewe kwanza."

Alikaa akajifunika mtandio wake vizuri. Yule bwana naye akaketi.

Tulilipwa mwezi uliopita, mezani, kwa kutia sahihi. Si yote tuliyodai, sitakudanganya, ila kiasi ambacho sheria inaruhusu. Phanice alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, polepole, na waliokuwa nyuma yake walimngoja bila kumsukuma. Mimi nimelipa kodi ya nyumba na karo ya Mourine.

Soko la Ulaya nalo limefunguka tena, na Bwana Ratemo amekikodisha kiwanda kwa watu wa Kisumu badala ya kukiuza vipande vipande. Zablon ameshaitwa kazini. Mimi nitaanza Desemba. Bi Shamima ameanza kuwauzia hao wa Kisumu chumvi, lakini safari hii kwa pesa taslimu.

Jambo la mwisho. Juzi walinijia wanawake wawili kutoka Lambwe, wamepanda baiskeli moja kwa zamu. Kinu cha pamba walichokuwa wakifanyia kazi kimefungwa, nao wameambiwa waende zao. Walikuwa wamesikia habari zetu. Yule mkubwa aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza jambo la kuchekwa, "Dada, ni kweli mtu kama mimi anaweza kudai?"

Nikamwambia ni kweli. Jumamosi nakwenda kwao, nao wataleta kila karatasi waliyo nayo. Ndiyo sababu, Mjomba, sitarudi Ogwedhi kwa sasa, nami naomba unielewe.

Nisalimie Mama Wesley, Wesley mwenyewe, na Gesare akija likizo. Mourine anasema umletee asali ya Tabora. Mungu akuponye kifua, akupe usingizi mwema na akufikishe kwetu salama Krismasi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukuheshimu,

Kezia