Asidi Uliyoiita Dhaifu

Kaka Athumani,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Yako nitaiulizaje? Sisi tupo, ila mimi bado siamini. Nikitaka kusema umekufa, ulimi unakataa.

Chaki yako haijafutwa kwenye mlango wa jikoni. Ni pale uliponifundisha, kabla sijawa mwalimu wa kemia hapa Kilifi: namba ya pKa ikiwa ndogo, asidi ni kali, ikipanda, asidi ni dhaifu. Siki, nne nukta nane. Ndimu, tatu nukta moja. Na chini yake hidrofloriki, ile mliyotolea madoa ya kutu kwenye mashuka ya hoteli: tatu nukta mbili. Ulicheka. "Hii na ndimu ni ndugu, Mwanaisha."

Mwenzako wa kule chumba cha kufulia cha hoteli ametusimulia. Asubuhi dumu la hidrofloriki lilipasuka, likakumwagikia mapajani. Ukajimwagia maji kata mbili tatu. Akakuhimiza uende hospitali, ukamwambia hiyo ni dhaifu, ukarudi kwenye mashuka yako. Maumivu yalikuja adhuhuri. Alasiri moyo ukasimama. Ndimu gani hiyo, Kaka?

Daktari wa Malindi alinieleza. Namba ile husema tu asidi inavyoiachia hidrojeni yake majini. Haisemi kinachobaki kitafanya nini mwilini. Floridi, ndiyo hiyo inayobaki, ilipenya ngozi ikakamata kalisiamu ya damu, na bila hiyo moyo haupigi. Ami aliyekuosha anasema mapaja yalikuwa yamepauka tu. Ningesikia umeungua vibaya, pengine ningeelewa.

Namba zako zilikuwa sahihi. Hilo ndilo linalotaka kunitia wazimu.

Mama hatii ndimu kwenye samaki tena. Nilimwambia ndimu haina kosa. Akasogeza sahani.

Jumatatu nina kipindi cha asidi kali na dhaifu, kidato cha nne. Nilitaka kumwomba mwalimu mwenzangu anishikie. Sitamwomba. Nitaziandika ubaoni kama ulivyoziandika wewe, ndimu na hidrofloriki pamoja, kisha niwaulize wasichana wangu ni ipi wangeikamulia samaki. Wakisema zote sawa, nitawaambia habari zako.

Mungu akulaze pema, Kaka. Mlango siufuti, nakuahidi. Nitaongeza neno moja tu kando ya ile tatu nukta mbili: inaua.

Mdogo wako,
Mwanaisha