Wadudu Kwenye Mtama wa Mama

Chamwino,
Dodoma.
27 Februari 2024

Mpendwa kaka Sila,

Shikamoo. Habari za Masasi na joto la huko? Mguu uliokuwa unavimba umepona? Wifi Dorkasi hajambo? Sisi huku tu wazima kiasi. Baba ni yule yule: upande wa kulia haujarudi tangu kiharusi, ila mdomo umerudi wote, na anautumia.

Usishangae kuona karatasi wakati simu ipo. Ukipiga, baba anataka tuweke sauti kubwa asikie kila neno, na haya sikutaka ayasikie. Barua anakuletea Uwesu, yule dereva wa lori la mahindi wa Kibaigwa. Anaondoka leo jioni.

Mtama umekwisha, kaka. Ile mbegu ya marehemu mama niliipanda yote Desemba, sikubakiza hata kibaba, maana baba alisema mvua ni nzuri. Ukaota mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuutazama. Mwishoni mwa Januari nikaona sisimizi wamejaa kwenye mabua, na majani yananata. Nikajua adui ni hao. Wiki nzima nilipigana na sisimizi kwa majivu na kitambaa, mdogo wetu Joshua ananicheka kwamba dada kawa askari. Kumbe maskini walifuata utamu tu.

Wadudu wenyewe wamejibanza pale jani linapokumbatia bua. Ni wadogo, rangi ya majani makavu. Ukipeleka kidole wanazunguka upande wa pili wa bua, kama mtu anayekwepa kukusalimia, ukizidi, wanaruka. Kazi yao ni kufyonza maji ya mmea kutwa kucha, na yanayowazidi yanatoka nyuma yao matamu, ndiyo hayo sisimizi wanayalamba. Jike anachana uti wa jani, anaweka mayai humo ndani na kuziba kwa kitu cheupe kama nta. Hayo alinionyesha Jenifa, afisa ugani. Alinitajia na jina lao la kitabuni, nikalisahau kabla sijafika nyumbani.

Dawa tumepiga mara mbili. Ya kwanza ikaoshwa na mvua jioni ile ile, ya pili haikufika walikojificha. Sasa majani ni ya njano kuanzia juu, ya chini yamefanya weusi kama masizi, na masuke hayatoki. Kila asubuhi naenda, nasimama, narudi. Sina la kufanya, kaka. Nawaangalia wanakula tu.

Na kila siku baba ananiuliza mtama vipi, nami najibu unapendeza. Nimemdanganya wiki tatu, Mungu anisamehe. Juzi Jumapili akataka nimletee jani moja alishike. Nikachagua lililo zima kuliko yote, nikalipangusa kwa kanga. Akalipokea kwa mkono wa kushoto, akapitisha ukucha kwenye uti wake, juu ya makovu ya mayai, taratibu mpaka mwisho.

"Edina," akasema, "hili jani umelifuta."

Nikalia, mtu mzima mimi. Wala hakunigombeza. Akauliza kama wapo walioota mabawa marefu. Nikamwambia wameanza. Akasema basi, tung'oe mtama wote tuchome, kabla hawajarukia kwa jirani yetu Generosa, ambaye mtama wake bado mdogo. Jenifa naye alishatushauri hivyo, mimi ndiye nilikuwa sina moyo. Tumepanga Jumamosi hii.

Lakini baba anataka auone kwanza. Anasema mbegu ya mke wake haiwezi kuchomwa yeye kalala ndani. Nawe unakujua kule shambani, bajaji haivuki korongo, lazima abebwe kwenye kiti. Nikasema nitaita majirani. Akakataa katakata: "Majirani watanibeba siku yao ikifika. Hii nibebwe na wanangu." Akamtaja Joshua, jina lako hakulitaja. Baadaye akanionya nisikuambie, asije akakuachisha kazi kwa ajili ya wadudu.

Kiti kinataka wanaume wawili. Jana nilijaribu kushika upande mmoja, Joshua akashika wa pili. Hatukuvuka mlango. Baba akatuambia tumrudishe kitandani, akageukia ukutani, na chakula cha usiku hakula. Nimeshindwa, kaka Sila. Sioni wa kumwambia zaidi yako.

Nisalimie sana wifi. Joshua anakuamkia, na shangazi Erica anasema umemsahau. Baba hajakutumia salamu, maana hajui kama nakuandikia. Mungu akufungulie njia, na akulinde safarini, kama utasafiri.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Edina