Radhi Siombi, Mjomba

S.L.P. 314,
Takoradi.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa Mjomba Kojo,

Shikamoo, mjomba wangu. Goti lako linasemaje sasa baridi ya Winnipeg imelegea? Na Mama Ewurama, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku hatujambo. Mama yangu miguu inamsumbua, ila mdomo mzima. Jana dada yako huyo kamaliza madonge mawili ya kenkey ya mahindi na samaki peke yake, kwa hiyo usimhurumie sana.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu hasira zilinipanda. Unataka nimwombe radhi Bwana Gyamerah, mkurugenzi wetu, anirudishe kazini niendelee kuongoza mawakili wa kampuni. Tena unasema utampigia simu mwenyekiti wa bodi kwa kuwa mlikaa dawati moja shuleni. Mjomba, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini radhi siombi, na simu usipige.

Naona umesikia la upande mmoja. Kampuni inataka ardhi njia ya Tarkwa ipanue shamba la michikichi, na kazi ya kuchunguza mkataba nilimpa Ekua Tandoh, wakili mdogo kuliko wote idarani. Kanuni yangu unaijua. Wakili mpya hakai ofisini miezi mitatu ya kwanza. Anapanda lori la michikichi, anashinda kiwandani, anajua watu. Na anayeandika ushauri ndiye anayetia jina lake chini, akausimamia mwenyewe mbele ya wakubwa. Gyamerah alikuwa akinicheka, eti nafundisha mawakili kuvuna michikichi.

Basi Ekua kaenda kule Jumamosi moja, akakuta bango la msiba ukutani, yale ya kutangaza mazishi yenye majina ya wakubwa wa ukoo. Jina la mkuu wa ukoo wenye ardhi lililoandikwa pale halikuwa la yule mzee aliyetutilia sahihi mkataba. Wewe ni mtu wa huku, unajua. Kosea picha ya marehemu, utasamehewa. Kosea jina la mkuu wa ukoo, matanga yatageuka ngumi. Binti akauliza nyumba kwa nyumba. Kumbe yule mzee kajipa ukuu mwenyewe, wenye ardhi hata habari hawana. Ekua akaandika kurasa mbili: tusisaini.

Gyamerah akatuita wote wawili. "Binti," akamwambia, "umesomea sheria miaka yote hiyo uje kunisomea mabango ya msiba?"

Ekua akamjibu. "Mzee, bango limepitishwa na ukoo mzima. Mkataba wako umesainiwa na mtu mmoja."

Hapo akanigeukia mimi. "Mama Araba, mfukuze huyu. Halafu niandikie ushauri mwingine, kwa jina lako."

Nikamwambia simfukuzi mtu kwa kusema kweli, na jina langu si dasta la kufutia jina lake. Akasema basi niondoke mimi. Nikachukua kikombe changu cha chai nikaondoka.

Unaniandikia kwamba mkubwa hapingwi. Mjomba, nisamehe kwa nitakalosema. Wewe ulipokuwa wakili kijana ulimwandikia mkubwa wako wa Sekondi kila neno la kesi zake kwa miaka tisa, na mahakamani hakukuruhusu kufungua mdomo hata siku moja. Mama amenihadithia ulivyokuwa ukirudi nyumbani unazihutubia sufuria jikoni. Mimi niliapa hakuna kijana atakayezihutubia sufuria kwa sababu yangu. Kama hilo ni kiburi, nimekitoa kwenu.

Sasa kiti changu wamempa Ekua. Wanadhani mtoto akionja kiti atalegea. Kesho wanampelekea mkataba uleule aandike kwamba ardhi haina tatizo. Sikufichi, naogopa. Akiandika, watu wale shamba limekwenda, na mimi miaka yangu kumi na mmoja ya kulea mawakili imekwenda nalo. Nimeshika simu mara mbili nimpigie, nikaiweka. Nikimpigia nitamwambia la kufanya, na sikumfundisha kungoja kuambiwa. Liwalo na liwe.

Jumanne.

Niliiacha barua hapo juu. Leo asubuhi wamenijia wenzake Ekua, yaani Yussif na Mawuena, mawakili wangu wale wengine wawili. Hata kukaa hawakukaa. Wamenipa bahasha.

Ni zile kurasa mbili. Hakuna neno lililobadilishwa. Ila chini, palipokuwa na jina la Ekua peke yake, sasa yako majina matatu. Na Ekua hakumpelekea Gyamerah tu, amewapelekea wajumbe wote wa bodi.

Nikawauliza, "Wamewafukuza?"

"Bado, Mama," Yussif akasema. "Ila Ekua ametutuma tukuulize, wakitufukuza, hapa sebuleni meza tatu za ofisi zitaenea?"

Nimelia mbele yao, Mjomba, mimi ambaye Gyamerah hakuniona chozi. Walipoondoka nikaanza kusogeza makochi. Mama yangu ananiuliza kuna sherehe gani, nikamwambia bado sijajua.

Ukitaka, mpigie huyo mwenyekiti wako. Usiniombee mimi. Mwambie asome ukurasa wa pili, kule chini.

Nisalimie Mama Ewurama, na Ewurama mwenyewe na wanawe. Mama anakusalimu, anasema ukiandika tena uandike kwa herufi kubwa. Mungu akulinde, aliponye hilo goti, na atukutanishe tungali wazima.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, asiyepiga magoti,

Araba Essuman