Vidole Vyako Kwenye Makaa

Mama Nanjala,

Wewe ni mtu mbaya. Nimetafuta neno lingine nimekosa. Mtu akifa anaacha nguo, anaacha viatu, anaacha kitambaa cha kichwa, vitu watu wanaweza kugawana na kunyamaza. Wewe umeacha gunia la makaa lenye vidole vyako ndani, sasa liko jikoni nyuma ya mlango, na hakuna mtu katika nyumba hii anayejua tulifanye nini.

Naandika mwenyewe. Nanjala alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia haya ni mambo ya mimi na mama yako, nenda ukaoshe vyombo. Shule nilienda kidogo, unajua, na herufi zangu hazikai kwa mstari. Utasoma hivyo hivyo.

Wacha nikueleze vile mambo yalikwenda, maana uliondoka katikati. Asubuhi ile ulikuwa umerudi na vumbi ya makaa kutoka kwa vibanda. Wewe na ufagio wako. Wauzaji wote wa makaa mtaani Section 58 walikuwa wanakujua, unafagia chini ya magunia yao, unabeba kile wanachotaka kutupa, na yule kijana wa kwenye kona alikuwa anakuita mathe wa vumbi. Mimi nilikuwa nakuambia unaniaibisha. Nilikuambia mume wangu alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli hawakufagia kwa watu. Wewe ulikuwa unafunika mdomo na mkono, unacheka. "Mama, hii vumbi haijui nani ameifagia. Inapika tu."

Ulichanganya na udongo na maji kwenye karai, ukakanda, ukafinya donge moja moja, ukayapanga juu ya mabati ya bafu yakauke. Halafu ukakaa chini pale kwa bomba. Ukasema kichwa kinakuuma. Mimi nikakuambia nawa mikono kwanza. Hukunawa. Ulipakiwa kwa gari na mikono ikiwa bado nyeusi, na hospitalini hukumaliza hata usiku mmoja.

Ni mimi niliyekuvalisha. Hilo sikuwahi kumwambia mtu vizuri. Walikuwa wamekuosha, lakini chini ya kucha vumbi ilikuwa bado iko. Nikachukua kitambaa nikasugua, nikasugua kucha hii na hii, haikutoka. Nikaacha. Ulizikwa nayo.

Tulipokupeleka nyumbani Bungoma hakuna aliyekumbuka kwamba kuna madonge juu ya mabati. Ni Bi Zuhura wa mlango wa pili aliyekumbuka. Kila siku alipanda juu ya ndoo akayageuza, mawingu yakija anayashusha, jua likitoka anayapandisha tena. Kwa hiyo yalikuwa yanakauka wewe ukiwa mochari. Yalikuwa yanakuwa magumu sisi tukikutupia udongo. Tuliporudi tulikuta gunia mlangoni limefungwa vizuri na kipande cha leso. Bi Zuhura akaniambia, "Mama Simiyu, kazi ya marehemu haikunyeshewa." Nikamwambia asante. Sikulifungua.

Nililifungua baadaye, nikitafuta kitu cha kuwashia. Makaa ya mwingine ni makaa. Yako yana mahali pa kila kidole, na pale pa kidole cha shahada pana kishimo kifupi, kile kidole kilichokatwa na mkanda wa posho mili, kinu cha kusaga mahindi, ukiwa msichana. Nilichukua donge moja, la pili, la chini kabisa. Yote. Vidole virefu na hicho kifupi. Nikayarudisha nikafunga leso, nikasukuma gunia nyuma ya mlango.

Jumamosi akaja mume wako Simiyu kutoka kazini Kariandusi, na ile vumbi nyeupe ya machimbo kwa nywele na kwa nyusi. Unajua alivyo akifika. Ulikuwa unamwambia asiguse ukuta. Alifungua gunia bila kuniuliza, akakaa sakafuni mtu mzima yule, akaweka vidole vyake kwenye mashimo yako. Alipotoa mkono, donge lilikuwa limebaki na vidole vyeupe juu ya vile vyeusi. Akaniambia, "Mama, haya yasiguswe." Akatoka akaenda, akarudi na mtungi wa gesi.

Gesi, Mama Nanjala. Wewe uliyekuwa ukikata mrija wa dawa ya meno na makasi. Tulipika chai kwa gesi, tukapika maharagwe kwa gesi kama watu wa hoteli, na kabla mwezi haujageuka mtungi ukawa mwepesi. Basi nikaanza kununua makaa kwa mkebe, pale pale kwenye kona ulipokuwa unafagia. Gunia limejaa jikoni, bure, na mimi niko kwenye foleni na mkebe. Yule kijana akaniuliza, "Mathe, na ile vumbi yenu?" Nikamwambia auze makaa aache maswali.

Nyumba yako imekuwa nyumba ya kutupa. Taa inawaka sebuleni na hakuna mtu. Nanjala anaoga na ndoo nzima. Maji ya kusuuza tunayamwaga. Nilikuwa nasema siku moja nitapumzika na hizi sheria zako. Sasa hakuna mtu wa kunikataza na sipati raha, maana hutoki. Kipande cha sabuni kikibaki kidogo, mkono wangu unakibandika kwa sabuni mpya kabla sijafikiri, na nikitazama naona si mimi nimefanya. Nikichukua njiti ya pili ya kibiriti nasikia mtu amevuta pumzi nyuma yangu. Na lile gunia, jioni, saa ile ulikuwa unawasha jiko, linajisogeza. Kok. Halafu linanyamaza. Bi Zuhura anasema ni panya. Panya gani anakula makaa?

Baridi ya Julai ikaja na upepo wake wa kutoka mlima Menengai. Nafula, mdogo wake Nanjala, akaanza kukohoa. Siku moja jioni hakukuwa na gesi, hakukuwa na kitu kwa mkebe, na Simiyu bado hajalipwa. Nikajiambia mimi ni mtu mzima. Nikafungua leso, nikachukua madonge ya kutosha ugali, nikawasha na vijiti.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijamwambia mwanao wala mume wako. Moto haukushika nje. Ulishika kwenye mashimo kwanza. Vidole ndivyo vilianza kuwaka, vyekundu, virefu na kile kifupi, donge hili na lile, mikono imejaa kwenye jiko ikinielekea mimi. Nilichukua maji ya ugali nikamwaga yote. Jivu likaruka mpaka kwa ukuta. Watoto wakala mkate na chai baridi.

Nafula alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza mimi nyanya yake, "Kukhu, unachoma nani?"

Nikamwambia hakuna mtu. Nikamwambia aende akalale. Unajua mimi sina maneno matamu.

Tangu siku hiyo akakataa jikoni. Tukimwita kula anasimama nje ya kizingiti na sahani yake, kwa baridi. Kifua kikazidi, nikampeleka kliniki, wakampa dawa, wakasema mtoto akae mahali penye joto na pakavu. Nilipokuwa nikitandika kitanda chake nikakuta shuka nyeusi tititi, na chini ya mto donge lako moja, la yale niliyoyamwagia maji, bado lina unyevu. Usiku alikuwa analikumbatia kifuani. Nikamuuliza ni nini hii. Akalishika na mikono miwili. "Nimemficha mama, asichomwe tena."

Nekesa, Mama Nanjala.

Mimi si mtu wa kulia mbele ya mtoto, nikatoka nje nikalia kwa bomba.

Nilimwambia Bi Zuhura, nikidhani atanipa pole. Hakunipa. "Mimi nimeyageuza yale juani ili watoto wapikiwe," akaniambia, na mkono kiunoni. "Ningejua mnataka kaburi la pili humu ndani, ningeyaacha yanyeshewe." Nikamwambia achunge mdomo. Akasema mdomo wake uko salama, nichunge mjukuu. Tukanuniana mpaka asubuhi, halafu akaleta mahamri.

Lakini alikuwa amesema kweli na ninaandika hivyo kwa sababu hatasoma. Tulikuzika vizuri huko nyumbani, na mchungaji, na nyimbo, halafu sisi wenyewe tukarudi tukakuweka kwenye gunia. Simiyu alikuweka kwa kusema yasiguswe. Mtoto akaona wakubwa wanaogopa gunia, angefikiri nini? Sasa yeye ndiye anakulinda, na kifua chake hakina nguvu ya kumlinda mtu.

Basi jana nilifanya kitu. Nilichukua ufagio wako nikaenda kwa kona. Mimi, mjane wa mtu wa reli. Yule kijana akaniangalia mpaka akaacha kupima makaa ya mtu. "Mathe, umerithi?" Nikamwambia ainue miguu nifagie. Aliinua. Watu walitazama, na mimi niliwatazama.

Nilileta karai lako, lile hakuna aliyethubutu kuligusa, nikaliweka juani nyuma ya nyumba, mbali na jikoni, nikamwita Nafula. Nikamfunga sweta mbili. Nikamwambia kanda. Kwanza aliweka kidole kimoja, halafu mkono, halafu matope yakawa mpaka kwa nywele. Nikamwonyesha kufinya. Alifinya donge dogo kama yai, akafungua mkono akaliangalia muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vimebaki pale, vidogo, vyote.

"Kukhu, mimi niko ndani?"

Nikamwambia hapana. Wewe uko hapa, umejaa uchafu, na mimi ndiye nitakayekuosha. Hiyo ni vumbi umeishika ukaiacha.

Aliingia ndani, nikasikia kitanda, akatoka na donge lako. Akaliweka karibu na lake juu ya jiwe. Akauliza kile kidole kifupi, nusu yake imeenda wapi. Nikamweleza habari ya posho mili, vile ulikuwa unaangalia kando badala ya kuangalia kazi, vile ulirudi nyumbani umekificha kwa nguo usichapwe. Alicheka. Kikohozi kikamkata, lakini alicheka. Ni mara ya kwanza mtu kukutaja nyumba hii na mtu mwingine akacheka.

Donge lako hajanipa. Limerudi chini ya mto, sasa limekauka na nimelifunga kwa karatasi. Hilo atalileta mwenyewe siku akitaka, au asilete. Simlazimishi. Mengine yote nayachoma.

Nimempigia Simiyu simu. Nikamwambia akija kesho akute moto. Nikasikia mashine za huko kazini nyuma yake. Akauliza, "Yote, Mama?" Nikamwambia yote, kidogo kidogo, mpaka gunia liwe la kukunja. Nikamwambia mke wako aliinama kwa vibanda vya watu mgongo ukamwuma ili watoto hawa wapate joto, na wewe umelifungia joto lao kwa leso. Akasema sawa. Halafu akasema tena sawa, kwa sauti nyingine, nikakata simu ili asinisikie.

Naogopa, sikufichi. Najua vile moto utashika. Utashika kwa vidole kwanza. Lakini sasa nimejua, na safari hii maji yatakuwa mbali.

Na kuna jambo utachukia. Kesho nitawasha bila sufuria. Chakula kitakuwa kimepikwa mapema, na moto utakuwa wa kuota tu. Wewe ulikuwa huwezi kuvumilia hilo. Ugali ukigeuzwa tu unainama na jivu, unafunika makaa yalale mpaka kesho yake, na sisi tunabaki na masweta yetu tukitazamana. "Moto hauna kazi, Mama, kwa nini uchoke?" Kesho moto utachoka. Tutafungua mlango na dirisha moshi utoke, tukae na Simiyu na wasichana, na Bi Zuhura nimemwambia alete kiti chake. Nikisikia Nafula ameingia ndani ya kizingiti sitageuka kumtazama. Nitasogea tu apate nafasi.

Nakuahidi mambo mawili matatu. Nanjala ataanza kuoga na nusu ndoo. Sabuni itabandikwa. Ufagio wako nitautumia mpaka miguu ikatae, na yule kijana ataniita jina lolote analotaka. Na watoto wako hawatalala na baridi nikiwa hai, hata kama ni kwa kuchoma mikono yako yote.

Kwaheri, mwanangu. Sikukuita hivyo ukiwa hapa, nilikuita Mama Nanjala kama jirani. Lala sasa.

Kesho jioni kaa huko uliko, na jivu lako kaa nalo. Usije kuuzima moto wetu.

Mama Simiyu