Kijiko Changu na Kikombe cha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, na shemeji hajambo? Mapacha wanaendeleaje na shule? Na Kidomo wetu, bado anabishana na kila mtu hadi na kioo? Mkanyeni mapema. Mimi hakunikanya mtu, na matokeo yake utayasoma humu.

Mimi ni mzima, ukiacha shingo inayoniuma kwa kuinamia meza. Mama yupo, anakula, anatania, anamsema jirani mshonaji kwa kuvuta pindo. Lakini neno "mzima" siwezi kumwandikia, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu baada ya miezi kumi na sita ya kununiana. Najua salamu zako huwa unazipitisha kwa huyo mshonaji ili usisikie sauti yangu. Sikulaumu.

Unaikumbuka siku ile ya simu. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu na majarida sijui mangapi kuhusu hamira lishe, ile ya vipande vya manjano isiyoumua mkate, nikaamua kwamba kefiri uliyomwachia Mama ni ushamba wa maziwa yaliyoganda. Nikachora jedwali nyuma ya karatasi za gazeti, nikalibandika kwenye friji. Kushoto kefiri, kulia hamira, kila kitu kwa gramu mia. Protini: kefiri gramu tatu na kidogo, hamira karibu hamsini. Nyuzinyuzi: kefiri sifuri. Vitamini za kundi B: hamira iliiacha kefiri mbali kabisa. Nikakusomea yote, sauti juu, Mama akisikiliza.

Ukaniambia neno moja tu: "Dada, Mama hali gramu mia. Anakunywa kikombe."

Nami nikakujibu lile jibu. Nitaliandika hapa nililipie: "Wewe kapime maziwa huko kiwandani, hesabu tuachie tuliosoma." Ukakata simu. Nikacheka, nikamwambia Mama umekosa hoja.

Halafu sikuishia hapo, maana mimi sijui kuishia. Wiki ile ile makala yangu gazetini ilimtaja "mpima maziwa mmoja" anayeogopa namba. Watu walinipigia kunipongeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikamwaga maziwa.

Ndiyo, nilizimwaga punje zako, zile za kuchachushia kefiri. Mama aliniuliza, "Lazima?" Nikamwambia jikoni hakuwezi kuwa na mafahali wawili. Nikaigeuza ile chupa ya mdomo mpana juu ya sinki, zikatoka zote, zimenona, zinateleza kama vipande vya koliflawa iliyoiva. Miaka sita alizilea, kila asubuhi anachuja, anaongeza maziwa, anafunika kwa kitambaa. Alisimama mlangoni akitazama. "Basi, mwanangu," akasema. "Umeshinda."

Kuanzia hapo akawa ananyunyiza hamira kwenye supu, kijiko kimoja cha chai. Ladha yake aliisema: "Kama jibini lililosimuliwa na mtu." Nilicheka, na nikaendelea kununua.

Mwezi wa pili mwaka huu, kandambili ilimvuka mguuni akatembea hadi kwa mshonaji bila kujua. Walicheka wote wawili. Baadaye sindano ikawa inamponyoka. Baadaye akaanza kushika ukuta akienda bafuni. Nikasema ni uzee. Mimi ninayedai ushahidi kwa kila mtu, kwa mama yangu niliridhika na neno "uzee".

Mshonaji ndiye aliyempeleka kwa daktari, mimi nilifuata. Vipimo vya damu vilipotoka, daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani shingoni, akamuuliza anakula nini.

"Viazi, maharage, mboga, matunda. Nyama nimewaachia wenye meno."

"Mayai?"

"Yananichefua."

"Na maziwa?"

"Nimeacha, mwaka sasa," Mama akasema. Daktari akaomba kopo la hamira, maana nilikuwa nimelibeba kwa majivuno. Akavaa miwani, akalisoma upande wa nyuma, mahali pa herufi za ukubwa wa mchwa. "Hii haijaongezwa vitamini B12," akasema. "Hamira haiitengenezi yenyewe. Wengine huiongeza kiwandani, hawa hawakuongeza." Hiyo B12 ndiyo iliyopungua, na upungufu wake ndio uliomla Mama mishipa ya fahamu miguuni na vidoleni. Akiba yake mwilini ilikuwa ndogo tangu zamani, akatueleza, na tumbo la uzeeni halifyonzi vizuri. Chochote alichokuwa akikipata kilitoka kwenye maziwa. Kikombe chako hakikuwa dawa kamili, lakini kilikuwa kinalishika paa lisianguke.

Kisha akauliza swali ambalo linaniamsha kila alfajiri: "Sasa nani alimwambia aache maziwa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mama akaniwahi: "Niliacha mwenyewe, daktari. Nilichoka nayo."

Nami nikanyamaza! Mimi niliyewahi kumkatiza mkuu wa mkoa akihutubia! Daktari akanigeukia, akauliza kama si mimi yule mwandishi wa gazetini, akasema hunisoma kila wiki. Nikashukuru. Mdogo wangu, nilimshukuru, Mama akiwa pale anavaa kiatu kwa kutumia macho kwa sababu mguu haumwambii kitu.

Tulipofika nje nikamuuliza kwa nini amedanganya. Akasema, "Ulikuwa na kopo mkononi. Ningekuachaje uaibike?"

Nimerudia hesabu, safari hii kama ulivyotaka. Kikombe chake kikubwa kile chenye ua lililofutika kilikuwa kinampa protini gramu kumi hivi. Kijiko changu kilimpa gramu moja, au hata haikufika. Kalsiamu ya mifupa yake: kikombe kilimpa karibu theluthi ya mahitaji ya siku, kijiko karibu na bure. Vijidudu hai vya tumbo: vyako vilikuwa hai, hamira yangu iliuawa kwa joto kabla ya kuingia kopo. Ili jedwali langu liwe kweli, Mama angelazimika kula bakuli la vipande vikavu kila siku. Hakuna mtu anayefanya hivyo. Namba zote zilikuwa sahihi na jibu lilikuwa la uongo.

Usidhani nimeigeuka hamira nikawa mhubiri wa kefiri. Ina foleti, vitamini ya kujenga damu, ina protini nzuri, na asiyegusa maziwa akipata iliyoongezwa B12 ikamsaidia, ni sawa. Daktari alisema Mama angeweza kutumia vyote viwili, na wala hakuona ajabu. Ni mimi niliyevigombanisha. Miaka ishirini nawafokea wenye viwanda kwamba wanaandika "lishe bora" kwa herufi za bango na kilichokosekana kwa herufi za mchwa. Kopo moja nililolileta nyumbani kwa mama yangu mwenyewe, upande wa nyuma sikuusoma. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na mabegi, analala kitandani pangu.

Mama anachomwa sindano za B12. Vidole vimeanza kupata fahamu. Juzi alitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la nne na kunitazama kama aliyeshinda kombe. Miguu, daktari hakuahidi.

Masahihisho nimeyaandika, yanatoka Ijumaa, na mpima maziwa nimemwomba radhi humo humo nilimomtukania. Mhariri alicheka: "Wewe? Masahihisho?" Nikamwambia achape, asipunguze hata nukta. Lakini gazeti ni la watu. Wewe nakuandikia kwa mkono: nilikosea, nilikudharau, nikamwagia Mama kitu ulichomwachia kimkumbushe kwamba yupo mtu anayemfikiria asubuhi. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa na sitabisha.

Nina ombi, na kataa kama moyo haupo. Ulipoondoka ulichukua nusu ya zile punje. Kama bado zinaishi, kausha kijiko kimoja uzitume. Si kwangu. Ziandikie jina lake.

Msalimie shemeji, wakumbatie mapacha, na Kidomo mwambie shangazi yake anamwomba ajifunze kusikiliza. Mshonaji anakusalimu, anasema amechoka kuwa posta. Mungu awalinde, awape afya ya mwili na ya ulimi.

Tangu siku ile Mama huiosha ile chupa kila asubuhi na kuifudikiza dirishani, tupu. Leo nilimwambia nakuandikia. Alikwenda akishika ukuta, akaisimamisha, akaifunika kwa kitambaa.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokuwa nakufokea.