Pakiti ya Kijani na Seva ya Nne

Yu-ting, nimeaibika mbele ya mkurugenzi.

Feni ya seva ya nne ilikuwa inanguruma, seva inachemka. Nimebadilisha feni mara tatu. Nikaandika ripoti kwamba tumeuziwa feni mbovu. Mkurugenzi kashika kalamu, anataka kusaini.

Mzee Guo, fundi mwenzangu, akauliza, "Dada, ile pakiti ya kijani ya vitafunio, inayowekwa juu ya seva ili itulie, umeitazama?"

Nikamjibu, tena kwa sauti, "Mimi napima joto. Situlizi seva kwa vitafunio."

Akapeleka mkono juu ya seva, akaivuta pakiti. Ilikuwa imefyonzwa na feni, imeziba tundu la hewa. Imeziba, Yu-ting.

Na niliiweka mimi.

"Si unaona? Muda wake uliisha Machi," akasema. "Ikipitwa na muda haitulizi seva tena. Ilikukasirikia."

Ripoti nimeichana. Nimenunua pakiti mpya, nimeibandika mbali na tundu. Tarehe nimeisoma mara mbili.